Joto na halijoto, uzito na tungamo: kwa nini unavichanganya, na uvisomeje

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo sekondari na nimeanza kusoma fizikia, kemia na biolojia. Nina daftari la istilahi na nimezikariri karibu zote. Nikiulizwa maana ya usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, najibu bila shida. Lakini nikiambiwa nitofautishe joto na halijoto, uzito na tungamo, au kazi na nishati, nababaika na napoteza alama. Wenzangu wananishauri nitafute kamusi nzuri zaidi. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba. Hebu rudia kusoma swali lako, maana nusu ya jibu umeiandika mwenyewe. Usanisinuru haukusumbui. Neno hilo ulikutana nalo darasani kwa mara ya kwanza, halikuwa na maana nyingine kichwani mwako, kwa hiyo lilikaa pale lilipowekwa. Joto, uzito, kazi na nguvu umekuwa ukiyatamka tangu utotoni. Yameingia darasani na maana zake za mitaani, na sayansi imezibana maana hizo bila kukutaarifu. Wanafunzi wengi huogopa maneno marefu ya kigeni, kumbe yanayowaangusha ni haya mafupi wanayodhani wanayajua.

Ndiyo maana sioni kamusi mpya ikikufaa sana kwa sasa. Kamusi inakupa neno mojamoja, na wewe unachokosa ni mpaka kati ya neno na jirani yake. Zisome istilahi zako kwa jozi, na kila jozi uiulize swali moja: hiki kinapimwa kwa kipimo gani, na kile je? Vitu viwili vyenye vipimo tofauti haviwezi kuwa kitu kimoja. Swali hilo peke yake litakuvusha kwenye sehemu kubwa ya fizikia ya mwanzo.

Tuanze na joto na halijoto, kwa sababu jozi hii inawatesa wengi. Chukua kilogramu moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Itie kwenye sufuria juu ya moto usiobadilika, tumbukiza kipimajoto, halafu koroga taratibu. Moto unawaka, joto linaingia, na kipimajoto hakipandi. Kinabaki kwenye 0 mpaka kipande cha mwisho cha barafu kiyeyuke. Hapo ndipo kinapoanza kupanda: 10, 30, 70, mpaka 100 ikiwa uko usawa wa bahari. Maji yanachemka, na kipimajoto kinagoma tena. Ongeza moto uone: maji yatachemka kwa fujo zaidi na kuisha upesi zaidi, lakini hayatapita 100.

Mara mbili joto limeingia na halijoto haikubadilika. Basi si kitu kimoja. Halijoto inaeleza chembe za kitu zinatikisika kwa nishati kiasi gani kwa wastani, na hupimwa kwa kelvini au kwa nyuzi za Selsiasi. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu chenye halijoto ya juu kwenda kitu chenye halijoto ya chini, na hupimwa kwa jouli. Kuyeyusha kilogramu ile ya barafu kunahitaji jouli 334,000 hivi. Kuyatoa maji yake kwenye 0 mpaka 100 kunahitaji karibu jouli 420,000. Kuyageuza yote kuwa mvuke kunahitaji jouli 2,260,000, zaidi ya mara tano ya ile iliyoyafikisha kwenye kuchemka. Nishati hiyo haikupotea. Ilitumika kuzitenganisha chembe zilizokuwa zimeshikana. Na hii ndiyo sababu mvuke wa nyuzi 100 unaunguza vibaya kuliko maji ya nyuzi 100: ukigusa ngozi unarudi kuwa maji, na nishati ile yote inaishia kwako.

Ukishaliona hilo, cheche inayoruka fundi anaponoa chuma haitakushangaza. Halijoto yake ni ya juu mno, inang'aa kabisa, lakini ikikuangukia mkononi hutahisi kitu kikubwa. Ni ndogo sana kiasi kwamba joto inaloweza kukupa ni dogo mno.

Uzito na tungamo sasa. Sokoni na hospitalini watu husema "uzito wa kilo 50", na hakuna haja ya kwenda kuwasahihisha. Kwenye karatasi ya fizikia sentensi hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, kilogramu ni kipimo cha tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. Uzito ni kani, yaani mvuto au msukumo: ni jinsi Dunia inavyokivuta kitu hicho, na kani zote hupimwa kwa nyutoni. Kitu chenye tungamo la kilogramu 1 kina uzito wa nyutoni 9.8 hivi hapa duniani. Kipeleke Mwezini, tungamo litabaki kilogramu 1 ileile, ila uzito utashuka hadi nyutoni 1.6 hivi. Kipime huko kwa mizani ya springi, itasoma karibu moja ya sita. Kipime kwa mizani ya mikono miwili, yenye mawe ya kupimia upande wa pili, bado itakuambia kilogramu 1, kwa kuwa mvutano umepungua pande zote mbili sawasawa. Mizani hizo mbili zinapima vitu viwili tofauti. Ukiielewa sentensi hii hutahitaji kukariri fasili.

Kasoro ya pili ni neno "kilo" lenyewe. Kilo ni kiambishi cha elfu moja na hakisimami peke yake: kuna kilogramu, kilomita, kilowati, kilojouli. Ukiandika "kilo 5", msahihishaji ana haki ya kuuliza kilo tano za nini. Ukiwa hapo, malizia familia nzima siku hiyohiyo: mega ni milioni, mili ni sehemu ya elfu, maikro ni sehemu ya milioni, nano ni sehemu ya bilioni. Ni viambishi vichache tu, na vinafungua mamia ya maneno.

(Utasikia pia kwamba wanaanga walio kwenye kituo cha kimataifa cha anga "hawana uzito". Kituo kile kiko kama kilomita 400 juu yetu, na huko mvutano wa Dunia bado ni karibu asilimia 90 ya ule tulio nao hapa chini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja kuizunguka Dunia. Usiandike kwamba huko hakuna mvutano.)

Kazi, nishati na nguvu zinahitaji subira, kwa sababu hapa vitabu vyenyewe havikubaliani. Kazi katika fizikia hufanyika pale kani inapokisogeza kitu kuelekea upande wa kani hiyo. Unazidisha kani kwa umbali, unapata jouli. Sukuma ukuta asubuhi mpaka jioni, utatoka jasho na misuli itauma, lakini ukuta haukusogea, kwa hiyo kazi uliyoufanyia ukuta ni sifuri. Wanafunzi huona huo ni uonevu. Si uonevu, ni fasili iliyobanwa makusudi ili hesabu zitoke. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi, nayo pia hupimwa kwa jouli. Kwa hiyo hapa lile swali langu la vipimo halitoshi, na inabidi uongeze la pili: kipi kinahifadhiwa na kipi kinatendeka? Kitu kinaweza kuwa na nishati hata kikiwa kimetulia, kama maji yaliyozuiwa juu ya bwawa. Hakuna kitu kinachokuwa na kazi ndani yake. Kazi hufanyika, na inapofanyika nishati huhama au hubadilika umbo.

Nguvu ndilo neno la kulitilia shaka kila unapoliona. Kitabu kimoja kitaandika "nguvu ya uvutano" kikimaanisha kani. Kingine kitasema "nguvu ya mota" kikimaanisha kazi inayofanyika kila sekunde. Usihangaike na nani yuko sahihi. Tazama kipimo kilichoandikwa pembeni: kikiwa nyutoni, ni kani, kikiwa wati, ni kazi kwa sekunde. Chukua mtu mwenye tungamo la kilogramu 50 anayepanda ngazi za kimo cha mita 3. Uzito wake, tukikadiria mvutano kuwa nyutoni 10 kwa kila kilogramu, ni nyutoni 500, na kazi ni jouli 1,500. Akipanda kwa sekunde 10, ni wati 150. Akikimbia akafika kwa sekunde 3, ni wati 500. Kazi ni ileile. Wati ndizo zilizopanda. Na ukitaka kujipima kama umeelewa, jiulize uniti moja ya umeme kwenye mita ni nini. Ni kilowati-saa: wati 1,000 kwa muda wa sekunde 3,600, yaani jouli 3,600,000. Jina lina "wati" ndani yake, lakini kinachohesabiwa hapo ni nishati.

Kwenye kemia nitachagua jozi moja tu inayostahili muda wako: mchanganyiko na msombo. Changanya gramu 7 za unga wa chuma na gramu 4 za unga wa salfa. Ukitazama kwa lenzi utaona chembe za kijivu na za njano zimekaa pamoja. Pitisha sumaku juu yake, chuma chote kinaruka kuifuata na salfa inabaki. Huo ni mchanganyiko: kila kimoja kimebaki na tabia zake, na ungeweza kutumia gramu 1 kwa 10 kama ungependa. Sasa upashe moto mchanganyiko huo. Ukishaanza kuwaka, unaendelea kung'aa wenyewe hata ukiuondoa motoni, na mwisho unapata kitu cheusi kigumu. Saga kitu hicho, pitisha sumaku: chuma hakitoki tena. Atomi za chuma na za salfa zimeungana, na zimeungana kwa uwiano maalumu wa 7 kwa 4 kwa tungamo. Ukizidisha chuma, kilichozidi kitabaki pembeni. Huo ndio msombo, na vitabu vingine huuita kampaundi. Chuma na salfa zenyewe, ambazo huwezi kuzigawa kikemia zikawa kitu sahili zaidi, ni elementi. Tukio moja limekufundisha maneno matatu, na hutayachanganya tena kwa sababu uliiona sumaku ikishindwa.

Jambo dogo lakini linalogharimu alama: barafu huyeyuka, na sukari kwenye maji tunasema pia imeyeyuka. Hayo ni matukio mawili. Barafu inahitaji joto tu, nayo inabadilika kutoka yabisi kuwa kimiminika. Sukari imetawanyika chembe kwa chembe ndani ya kitu kingine, na bila maji isingefanya hivyo. Baadhi ya vitabu hutumia kumumunyika kwa tukio la pili, na mmumunyo kwa kile kinachopatikana. Mimi nakushauri utumie kumumunyika hata kama kitabu chako hakilazimishi, kwa sababu msahihishaji hatabaki akikisia ulimaanisha nini.

Na hapa uone jinsi Kiswahili kinavyokusaidia kuliko unavyodhani. Istilahi nyingi zimejengwa kwa sarufi unayoitumia kila siku. Kiyeyushi ni kile kinachoyeyusha, kiyeyushwa ni kile kinachofanyiwa; mwisho wa neno umeshakuambia nani ni maji na nani ni chumvi. Maneno ya u- yanayoishia na -aji kwa kawaida ni michakato: upumuaji, umeng'enyaji, uvukizaji. Ukiona neno la namna hiyo, jibu lako lieleze kitu kinachotendeka hatua kwa hatua, usianze na "ni kitu ambacho". Mengine yamebeba fasili mgongoni. Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo, na hiyo ndiyo kanuni yake kamili ya hesabu. Halijoto ni hali ya kitu kuhusu joto. Usanisinuru ni usanisi, yaani kuunda kitu, kwa nuru. Kabla ya kukariri neno refu, likate vipande kwanza.

Maneno yaliyotoka nje nayo yana mizizi yake, lakini usiiamini kupita kiasi. Atomi linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kisichogawanyika, na tangu J. J. Thomson alipogundua elektroni mwaka 1897 tunajua kwamba inagawanyika. Oksijeni lilitungwa likiwa na maana ya kizaa-asidi, kwa kuwa mwanakemia Mfaransa Lavoisier aliamini kila asidi lazima iwe nayo; asidi ya haidrokloriki haina hata atomi moja ya oksijeni. Jina ni historia ya watu walivyofikiri siku lilipotungwa. Kwa alama za elementi, historia hiyo inasaidia moja kwa moja: Na ya sodiamu, K ya potasiamu, Fe ya chuma, Au ya dhahabu na Pb ya risasi zinatokana na majina ya Kilatini, ndiyo sababu hazifanani na majina unayoyajua.

Biolojia haitakusumbua sana kama fizikia, isipokuwa kwenye upumuaji. Kuvuta hewa na kuitoa ni kazi ya mapafu na misuli ya kifua. Upumuaji wa seli ni kitu kingine: ni jinsi kila seli inavyoitoa nishati iliyomo kwenye chakula, mara nyingi kwa kutumia oksijeni. Mti hauna mapafu, ila seli zake zinafanya upumuaji mchana na usiku bila kupumzika. Ile sentensi maarufu ya wanafunzi, kwamba mimea "hupumua kabonidioksidi mchana na oksijeni usiku", ifute kabisa kichwani. Mchana kuna michakato miwili kwa pamoja, usanisinuru na upumuaji, na kwenye mwanga wa kutosha usanisinuru unauzidi mwenzake. Usiku unabaki upumuaji peke yake.

Neno moja la mwisho kabla ya kwenda kwenye daftari lako ni nadharia. Mitaani "hiyo ni nadharia tu" maana yake ni kwamba haijathibitishwa. Kisayansi, wazo linalosubiri kujaribiwa huitwa nadharia tete. Nadharia ni maelezo mapana yaliyokwisha kupimwa mara nyingi na kusimama. Wala nadharia haikui ikawa kanuni. Kanuni inaeleza nini hutokea, nadharia inaeleza kwa nini. Newton mwaka 1687 alichapisha kanuni ya kukokotoa jinsi vitu vinavyovutana na hakutoa sababu ya mvutano wenyewe. Mwaka 1915 Einstein akaleta nadharia inayoueleza kama kupinda kwa nafasi na wakati.

Daftari lako usilitupe. Lipange upya. Kila ukurasa uwe na jozi moja. Andika kila neno na kipimo chake, chombo kinachokipima kama kipo, na mfano mmoja ambapo moja linabadilika na jingine halibadiliki. Huo mfano wa mwisho ndio wenye thamani kubwa kuliko vyote, na kama huwezi kuupata, bado hujaelewa jozi hiyo, hata kama unaweza kutamka fasili zote mbili ukiwa usingizini. Kisha andika sentensi yako mwenyewe, usinakili ya kitabu. Funga daftari, rudi baada ya siku kadhaa, ujaribu kuiandika tena bila kuchungulia. Kusoma ukurasa uleule mara tano mfululizo kunakupa hisia ya kujua. Kujaribu kukumbuka ndiko kunakokuonyesha palipo na pengo.

Soma pia kitenzi cha swali, maana nacho ni istilahi. Ukiambiwa "taja", orodhesha uondoke. "Fafanua" inataka maelezo. "Eleza kwa nini" inataka sababu, na jibu lisilo na "kwa sababu" au neno la aina hiyo mara nyingi halijajibu. "Tofautisha" ndiyo inayokuangusha wewe. Nahisi huwa unaandika kitu kama hiki: "Joto ni nishati, na halijoto hupimwa kwa kipimajoto." Sehemu zote mbili ni kweli, na bado hakuna tofauti iliyoonyeshwa: upande mmoja umesema kitu ni nini, upande wa pili umesema chombo cha kukipimia. Tofauti huonyeshwa kwa kigezo kilekile pande zote mbili. "Joto ni nishati inayohama, halijoto ni kiwango cha umoto wa kitu. Joto hupimwa kwa jouli, halijoto kwa kelvini." Maneno hayakuongezeka sana, ila sasa msahihishaji ana kitu cha kuwekea alama.

Kuhusu vitabu kutofautiana, utakutana na tungamo kwenye kimoja na masi kwenye kingine, maada hapa na mata pale, mango mahali pa yabisi. Zitambue zote unapozisoma. Unapoandika, shika moja, ile ya kitabu kinachotumika darasani kwako, na usibadili katikati ya jibu.

Jipime na hili: una ndoo yenye kilogramu 10 za maji ya nyuzi 40, na kikombe chenye robo kilogramu ya maji ya nyuzi 100. Kipi kina halijoto ya juu, na kipi kitayeyusha barafu nyingi zaidi? Fanya hesabu kabla ya kuendelea kusoma. Kilogramu moja ya maji hutoa jouli 4,200 kwa kila nyuzi inayoshuka. Halijoto ya juu ni ya kikombe. Lakini ndoo ikipoa hadi 0 inatoa jouli 1,680,000, zinazotosha kuyeyusha kilogramu 5 hivi za barafu. Kikombe kinatoa 105,000, na hizo zinayeyusha gramu 300 na kidogo tu.